Sifia Kisigino

Siku ile mliponiaga nikistaafu mlinisifu mpaka nikageuka nyuma kumtafuta anayesemwa. Mmoja alisema mimi ni nguzo, mwingine akasema mimi ni taa, na wa tatu, ambaye hatujawahi kufanya kazi pamoja hata siku moja, akasema mimi ni mama wa wote. Nilifurahi, nisiwafiche. Nilikula keki, nikarudi kwangu Waa na leso mlizonipa, nikalala usingizi mzuri. Lakini asubuhi yake, nikipalilia mihogo, nikajiuliza ni neno lipi katika yale yote ambalo kijana anayeanza kazi angeweza kulichukua akalitumia. Sikuliona. Ndipo nikaamua kuwaandikia haya, nyinyi mliobaki katika kile chumba chetu cha tiba ya viungo, kuhusu sifa. Katika kazi yetu sifa ni dawa kama dawa nyingine. Ina kipimo chake, na mgonjwa hapewi dawa kwa sababu tu muuguzi ana moyo mzuri.

Nilipoingia kazini, tiba ya viungo watu wa kwetu waliiita "mazoezi" tu, na wengi waliamini ni adhabu ndogo anayopewa mgonjwa kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Tulikuwa na chumba kimoja, vyuma viwili virefu vya kushikilia, kioo kikubwa chenye ufa, na ngazi ya mbao yenye vidato vitatu isiyokwenda popote. Mipira ya kuvuta tuliikata wenyewe kutoka kwenye matairi ya baiskeli. Mkanda wa kumshikilia mgonjwa kiunoni uliagizwa mwaka wangu wa kwanza, nadhani bado uko njiani. Nikaleta leso ya mama yangu, nikaikunja mara mbili, nikamfunga mgonjwa kiunoni na kumshika kwa nyuma. Mpaka nastaafu sikuona mkanda ulioishinda leso kuukuu. Mpya msiitumie, huteleza.

Mkubwa wangu alikuwa Bwana Mutua, mtu wa Ukambani, mrefu, mkavu, asiyecheka kabla ya chai. Siku yangu ya kwanza alinipa bibi mmoja aliyevunjika nyonga. Nikamsimamisha, na kwa furaha ya ujana nikawa nampigia kelele: "Vizuri bibi! Vizuri sana! Hodari!" Bibi akatabasamu, akaketi. Bwana Mutua akaniita pembeni.

"Nini kilikuwa kizuri?" akauliza.

"Amejitahidi."

"Amejitahidi kufanya nini?"

Nikageuka kumtazama bibi.

"Alisimama kwa mguu mzima peke yake, ule mbovu akauning'iniza," akasema. "Wewe ukamwambia vizuri. Sasa akifika nyumbani ataurudia huo mning'inio, kwa kuwa daktari ameusifu. Usimsifu mtu kama hujui unasifu nini."

Nilimchukia mpaka saa ya chai. Baada ya chai nikaanza kumfikiria.

Kumbe yeye alikuwa amezidisha upande wa pili. Hakumsifu mtu yeyote. Ukimuuliza sababu, atakujibu kwa methali yetu wenyewe wa pwani: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Siku moja nikamwambia, "Bwana Mutua, ni kweli. Lakini mgema asiyesifiwa kabisa huacha kuupanda mnazi, na hapo hata hilo la maji hamlipati." Akanitazama, akaenda zake. Wiki ile ile nikamsikia akimwambia mzee mmoja, kwa sauti ya mtu anayetoa jino, "Leo umekunja goti." Mzee yule alilia. Alikuwa amelikunja goti lile kwa muda mrefu bila mtu kusema neno.

Na baada ya kuonja sifa, Bwana Mutua akaingia katika hatari ya wageni wote wa pwani. Tulikuwa na mtoto mchanga aliyezaliwa nyayo zimepinda, tukimfunga plasta kila wiki kuzinyoosha. Siku plasta ilipofunguliwa nyayo zikaonekana zimekaa sawa, Bwana Mutua akasema mbele ya watu, "Miguu mizuri kweli! Sijaona mtoto mwenye miguu mizuri kama hii!" Alisema hivyo tu, bila mashaallah. Mama akamfunika mtoto gubigubi kwa leso, akaondoka bila kuaga, na wiki iliyofuata hakuonekana. Ilinibidi niende kwao, nikae, ninywe uji, nieleze kwamba yule bwana ni mtu wa bara, hana jicho baya, hajui tu. Mama akarudi, ingawa mtoto alimfunga hirizi mbili. Tangu siku hiyo Bwana Mutua alisema mashaallah kwa kila kitu, hata kwa magongo mapya yalipoletwa kutoka stoo.

Mimi mwenyewe hakunisifu kwa mdomo hata mara moja. Lakini kabla hajahamishwa alimleta mama yake mzazi kutoka Ukambani, bega limekakamaa, na badala ya kumtibu mwenyewe akamleta mpaka kwenye meza yangu. "Mama," akasema, "ni huyu." Kisha akatoka nje. Hizo ndizo sifa nilizozila miaka mingi.

Wapo pia wanaoharibiwa na sifa za wenzao. Ukunda kulikuwa na kijana wa bodaboda aliyevunjika mfupa wa paja, akatiwa chuma. Nilimwambia asiukanyagie mguu mpaka nimruhusu. Wenzake wa stejini wakamwita simba, wakamwita komando, akatupa magongo. Akarudi kwetu ameubeba mguu kwa mikono miwili.

"Daktari, mimi ni chuma," akasema. "Maboi wote wa steji wanajua."

"Chuma kimo ndani ya mguu," nikamwambia. "Wewe ni nyama."

Wazee huita kule kumvisha mtu kilemba cha ukoka. Alichokihitaji kijana yule ni mtu mmoja wa kumsifu kwa kuketi.

Lakini aliyenifundisha jambo hili mpaka mwisho ni Mzee Salimu wa Mwabungo, na habari yake nitaieleza kwa urefu.

Mzee Salimu alifanya kazi ya kuhudumia meza katika hoteli moja ya Diani tangu ujana wake mpaka mvi. Alikuwa mtu wa kutazamwa. Wageni walimpiga picha akipita na sinia begani, kanzu imenyooka, hakuna kikombe kinachotikisika. Walimsifu kwa lugha zote, naye alikuwa na jibu kwa kila lugha. Alipostaafu akahamishia mwendo ule kijijini. Mke wake, Bi Mejumaa, aliniambia kwamba hata kwenda chooni alikwenda kama anayepeleka chai kwa balozi.

Kisha akapata kiharusi. Upande wa kushoto ukalala, mkono na mguu, ila mdomo ulisalimika. Alipoletwa kwetu alikuwa na jambo moja tu. Binti yake, Zuhura, alikuwa ameshachumbiwa na siku ya nikaha ilikuwa imekubaliwa.

"Dakta," akaniambia, "nataka kuingia msikitini kwa miguu yangu na kumuoza mwanangu kwa mkono wangu. Sitaki kusukumwa kama mkokoteni wa madafu. Kama haiwezekani, niambie sasa."

"Yawezekana, baba," nikamwambia. "Lakini kwa mwendo wangu, si kwa mwendo wako."

Tukaanza. Mnaijua kazi yenyewe: kuhamisha uzito, kukunja goti, kuunyanyua wayo, kisha kisigino kitangulie chini. Kisigino ndicho ufunguo. Mguu uliopooza hupenda njia ya mkato. Hukakamaa kama mpini, ukazungushwa kwa nje kutoka kiunoni, ukatupwa mbele kwa vidole. Kwa njia hiyo mtu anaweza kuvuka ua uliofagiwa, na kwa mbali anaonekana amepona. Lakini kwenye mchanga vidole hukwama, kwenye ngazi ndiyo kabisa, na kila siku inayopita mguu unazidi kuwa mgumu. Mzee Salimu alielewa. Kwenye vile vyuma viwili alikwenda polepole, jasho likimtoka, kisigino, kisigino. Nikampa ruhusa ya kwenda nyumbani, awe anakuja kliniki kila wiki.

Kila wiki akarudi akiwa mbaya kuliko wiki iliyopita.

Sikuelewa. Mazoezi ya nyumbani yalifanyika, niliuona ushahidi kwenye mkono: vidole vilikuwa laini, vinakunjuka, kazi ya mtu anayevinyoosha asubuhi na jioni bila kuchoka. Mguu ndio uliokuwa unapotea. Basi alasiri moja, nikirudi kutoka kazini, nikashuka Mwabungo bila kuwaarifu.

Nilipiga hodi nikakuta ua umejaa. Mnajua desturi yetu: mgonjwa hujuliwa hali, na Mzee Salimu alikuwa na watu. Wanaume walikaa kwenye mkeka na viti vya plastiki, wanawake upande wa jikoni. Mbele yao alikuwa Hamisi, muuza samaki, jirani yake, mtu ambaye sauti yake husikika kabla ya baiskeli yake.

"Haya, Salimu! Hebu tuone!" Hamisi akasema.

Mzee Salimu akanyanyuka. Akanyoosha mgongo, akainua kidevu, na mguu wa kushoto akaanza kuutupa kwa nje, twa, twa, twa, akavuka ua mzima mbio mbio mpaka kwenye mlango wa choo na kurudi.

"Mashaallah! Umepona, wallahi! Huyu hana ugonjwa!"

Akaketi anahema, uso unang'aa kama wa bwana arusi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mkoba wangu, nikiyatazama mazoezi yetu yote yakizikwa kwa takbiri.

Watu walipoondoka nikamwambia ukweli, kwa heshima lakini bila sukari. "Baba, mguu huu ni mwanafunzi. Ukisifiwa kwa kuutupa, utajifunza kuutupa. Kwenye mchanga wa njia ya msikiti utakuangusha."

Akasema, "Watu wote waniambia nimepona. Wewe peke yako ndiye waniona mgonjwa. Labda mgonjwa ni jicho lako."

Akaacha kuja kliniki.

Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Ukimtoa mtu katika maisha ya kutazamwa, ukamlaza kitandani anageuzwa kama samaki, halafu siku moja watu wakamwita tena hodari, nani atawaambia watu hao wanyamaze? Lakini nilikasirika, na hasira yangu ilikuwa kwa Hamisi na wenzake, ambao hawakuwa na kosa ila mapenzi.

Ulikuwa umebaki muda mfupi kabla ya nikaha Bi Mejumaa aliponijia hospitali. Alikaa kwenye benchi mpaka wagonjwa wote wakaisha, ndipo akasema. Mzee alikuwa ameanguka. Hakuvunjika, alhamdulillahi, ila alianguka kwenye kizingiti cha nyumba yake mwenyewe, vidole vimekwama, mbele ya mkeka mzima. Sasa amelala ameelekea ukutani. Amemwambia Zuhura amtafute ami yake akae mahali pake msikitini.

"Watu niwafukuze, Dakta?" akauliza. "Niseme nikufukuzie wale wote?"

"Ukiwafukuza utamuua kwa njaa," nikasema. "Sifa ndiyo chakula chake tangu ujana. Tumbadilishie mapishi tu."

Kabla hajaondoka nilishika mikono yake miwili. Nikamwambia kwamba vile vidole vya mumewe nilivitazama kila wiki, kwamba katika miaka yangu yote sikuona mkono uliopooza ukabaki laini namna ile, na kwamba kazi ile haikuwa yangu, ni yake. Akageuza uso upande wa dirisha. "Mimi nafanya tu," akasema. Nyumba ile ilijaa sifa kila alasiri, na nadhani hilo lilikuwa neno la kwanza lililomwangukia yeye.

Siku iliyofuata nikaketi kwenye mkeka wa Mwabungo, Mzee Salimu akiwa ndani, na nikawafundisha wageni. Nilisema: asiye na la kusifu anyamaze. Msimwambie amepona. Msimwambie ni simba. Tazameni kisigino cha kushoto. Kikitangulia chini, kisifuni. Kikikosa, tazameni kuku.

"Yaani nakuja kumjulia hali mgonjwa, namtazama kisigino?" Hamisi akauliza.

"Ndiyo, bwana. Simama nikuone na wewe."

Akasimama, akatembea. Mkeka wote ukamwinamia miguu. Ikaonekana kwamba Hamisi, mzima wa afya, hukanyaga kwa upande kama kaa, na jambo hilo halikujulikana miaka yote. Watu walicheka mpaka kuegemeana. Na kutoka chumbani, mara ya kwanza baada ya siku kadhaa, tukasikia sauti: "Mwacheka nini nyinyi?"

Nikaingia nikamtoa Mzee uani, nikamfunga leso kiunoni, nikamshika kwa nyuma. Hatua ya kwanza akautupa mguu. Ua ukawa kimya, watu wanatazama kuku. Hatua ya pili akautupa tena. Kimya.

"Leo hamna midomo?" akafoka.

"Midomo tunayo," Hamisi akajibu. "Kisigino ndicho hatujakiona."

Akasimama, jasho linamtiririka. Akakunja goti, akaunyanyua wayo, akashusha kisigino taratibu kama anayeweka kikombe kilichojaa.

"Kisigino, mashaallah!" ua wote ukapaza sauti.

Tangu alasiri ile nilipita kila nilipopata nafasi, nikakuta kazi inakwenda bila mimi. Wanaume wenye biashara zao walikaa wakijadili kisigino kwa undani ambao wanafunzi wangu wa chuo hawakuufikia. "Cha tatu hakikugusa vizuri." "Kiligusa, wewe ulikuwa wapiga miayo." Na Mzee Salimu akawa anakwenda hatua chache, polepole, bila kidevu juu. Aliniomba radhi kwa lile neno la jicho. Nikamwambia nilikwisha kulisahau, na ulikuwa uongo mdogo.

Bado nilikuwa na hofu moja, na nilimweleza Bi Mejumaa peke yake. Mguu ule ulitembea kwa sababu watu waliutazama. Je, watakapomwacha? Njia ya msikitini ni ya mchanga, na mwisho wake kuna ngazi. Pale hakutakuwa na mkeka.

Siku ya nikaha mvua ilinyesha asubuhi, kisha jua likatoka. Nilifika mapema na leso yangu mkobani. Kaka yake Mzee Salimu, yule ami wa Zuhura, na Hamisi walikuja kumchukua baada ya sala ya adhuhuri, wamevaa kanzu zao. Mzee Salimu alikuwa tayari, bakora mkono wa kulia.

"Nyinyi piteni njia kuu," akawaambia. "Mimi nitapita ya nyuma. Asinifuate mtu, na asisimame mtu mlangoni kunitazama."

"Salimu, na ukianguka?" kaka yake akauliza.

"Mtanikuta."

Akanigeukia. "Na wewe, mwanangu. Leso yako leo iweke."

Nilitaka kubisha. Bi Mejumaa akanishika mkono, akaushikilia. Mzee akatoka kwa mlango wa uani, tukausikia ule mlango ukifungwa. Tulikaa pale, jikoni wanawake wakigombana na sufuria za pilau, na mimi nikisikiliza kama kuna mtu anaanguka. Nilimwomba Mungu kwa maneno ambayo sikuwahi kumwombea mgonjwa mwingine. Baadaye Bi Mejumaa akainuka, akafungua mlango, nami nikamfuata.

Njia ilikuwa tupu. Mchanga ulikuwa bado na unyevu, na juu yake palikuwa na nyayo za mtu mmoja na tundu la bakora kando yake. Bi Mejumaa akainama, nikainama. Wayo wa kulia, wayo wa kushoto. Ule wa kushoto, nyuma yake kabisa, ulikuwa na shimo la duara lililodidimia, safi. Hapakuwa na mburuzo wa vidole popote. Tukafuata. Kupita ukuta wa jirani, kupita penye makuti ya mnazi yaliyoanguka, mahali ambapo hakuna nyumba wala jicho, kisigino, kisigino, kisigino. Pale mbele ya makuti alisimama kupumzika, bakora ilizama zaidi. Kisha kisigino tena. Tulipofika kwenye kona tukaiona ngazi ya msikiti, na juu yake, kando ya mlango, makubazi yake ya ngozi yamepangwa mawili pamoja.

Nililia, na sioni haya kusema.

Bi Mejumaa alisimama akiitazama njia tuliyotoka. "Dakta," akasema taratibu, "hapa nani alikuwa akimsifu?"

"Hakuna mtu," nikasema.

Akapeleka mkono mdomoni, akapiga kigelegele, kirefu, peke yake, katikati ya njia. Wanawake wakatoka mbio jikoni, miiko mikononi, wakajazana kwenye mlango wa ua.

"Imeshasomwa? Nikaha imeshasomwa?"

"Bado," akasema Bi Mejumaa, akifuta macho kwa ncha ya leso. "Hiki ni cha mume wangu."